Demokrasia na vita: Nani anaulizwa kabla risasi haijalia?

Kwa miaka mingi tumekuwa tukifundishwa, mashuleni, redioni na katika semina za asasi mbalimbali, kwamba nchi zenye utawala wa kidemokrasia hazipendi vita. Tunaambiwa kuwa dikteta ndiye hupigana ovyo, kwa sababu hana wa kumuuliza, lakini kiongozi aliyechaguliwa huogopa kuwapeleka watu wake vitani, maana kesho atarudi kwao kuomba kura. Rais George W. Bush wa Marekani aliifanya hoja hii kuwa msingi wa siasa zake za nje. Alipoapishwa kwa muhula wa pili Januari 2005, aliuambia ulimwengu kuwa tumaini bora la amani ni kuenea kwa uhuru duniani kote. Wakati akiyasema hayo, majeshi yake yalikuwa yamekaa karibu miaka miwili ndani ya Iraq.

Ndugu msomaji, ni rahisi kuitupa hoja hii jalalani kwa sababu tu ya mdomo ulioitamka. Ukiwataja Bush na amani kwa pamoja mbele ya Waislamu, mjadala unakuwa umekwisha kabla haujaanza. Nadhani tukifanya hivyo tutakuwa tumepoteza kitu. Ndani ya hoja hiyo kuna jambo la kweli, ila lina sharti lake, na sharti hilo ndilo ambalo wasemaji wake hawapendi kulitaja. Nataka tulitafute, na tuanze kulitafuta hapa kwetu Afrika Mashariki kabla ya kwenda Washington, kwa sababu sisi nasi tumepigana, na sisi nasi tumelipa.

Ninaandika kutoka Segese, wilayani Msalala, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama kuelekea Geita. Hapa watu wanahangaika na maduara, makarasha na majaruba ya mpunga, na neno vita husikika zaidi katika taarifa ya habari kuliko katika mazungumzo ya watu. Lakini wapo wazee wanaokumbuka jinsi vijana walivyoitwa mwaka 1978 kwenda kupigana Uganda, na wapo vijana wengi leo wenye umri ule ule wa kubeba bunduki. Swali la nani aamue vita ni la vijana hao kabla halijawa la maprofesa.

HOJA YA MWENYE KULIPA

Hoja hii haikuanza na Bush. Mwaka 1795 mwanafalsafa wa Prussia, Immanuel Kant, aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu. Maana ya maneno yake ni hii: ikiwa lazima raia wakubali kwanza ndipo vita vipiganwe, watasitasita sana, kwa kuwa ni wao watakaopigana, ni wao watakaotoa mali zao kuvigharamia, ni wao watakaojenga upya kilichobomolewa, na ni wao watakaobaki na deni. Lakini pale ambapo mtawala anajiona ndiye mwenye nchi, vita kwake ni jambo jepesi, kwa sababu havimpunguzii chochote katika karamu zake wala majumba yake.

Hapa Segese hoja hiyo haihitaji mwanafalsafa. Katika duara kuna anayeshuka na kuna anayebaki juu. Anayeshuka ndiye anayeuliza kama matimba yamekaa sawa, kama hewa ipo, kama kamba ni nzima. Anayebaki juu akisubiri mgao wa mawe hana haraka ya kuuliza maswali hayo. Ukitaka kujua kama duara ni salama, usimuulize wa juu peke yake.

Mwaka 1983 msomi wa Marekani, Michael Doyle, aliichukua hoja ya Kant na kuipima kwa orodha ya vita vya takriban karne mbili. Aligundua kuwa nchi zenye serikali za kuchaguliwa na uhuru wa raia hazijapigana zenyewe kwa zenyewe isipokuwa kwa nadra sana. Hiyo ndiyo nusu ya matokeo yake inayotangazwa. Nusu ya pili ni kwamba nchi hizo hizo zimepigana vita vingi na nchi zisizo za aina yao, na wakati mwingine bila hadhari yoyote. Kwa hiyo kura peke yake haitoshi kueleza kwa nini nchi inakwenda vitani au inabaki nyumbani. Lazima kuna kitu kingine, na njia ya kukipata ni kutazama vita vyenyewe.

KAGERA: VITA VYA HAKI, DENI LA KIMYA

Tuanze na vita vyetu. Idi Amin alichukua madaraka Uganda kwa mapinduzi ya kijeshi Januari 25, 1971. Tangu siku hiyo Uganda haikuwa na Bunge, ikawa inatawaliwa kwa amri. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia mkoa wa Kagera, yakateka eneo lote la kaskazini ya mto, yakaua raia, yakapora ng'ombe, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Amin akatangaza kuwa eneo hilo sasa ni la Uganda. Hakuna Mganda aliyeulizwa kama anataka vita na Tanzania. Kant angekuwa hai angesema: sikuwaambia?

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sijaona Mtanzania mwenye akili timamu aliyepinga. Nchi ilikuwa imevamiwa. Vijana wakaitwa kutoka mgambo na JKT, wananchi wakatoa ng'ombe na mazao, magari ya mashirika yakachukuliwa. Walikuwepo waliotaka vita vile vionekane ni vya dini, kwa kuwa Amin alikuwa Muislamu na Gaddafi wa Libya alimletea askari. Lakini Waislamu wa Tanzania walikwenda mstari wa mbele pamoja na wenzao, na nyumba zilizochomwa Kagera hazikuchaguliwa kwa dini ya mwenye nyumba. Hata ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza Machi 1979 haikuuliza dini ya mtu, ikaishia kuua swala katika kisiwa cha Saanane.

Sasa tutofautishe mambo mawili. Kumtoa mvamizi ardhini kwako ni jambo moja. Kuvuka mpaka na kwenda mpaka Kampala ni jambo la pili, na lina hesabu yake. Masaka ilichukuliwa Februari 1979, Kampala Aprili 11, na mapigano yakaisha Juni. Wapo wanaosema, na hoja yao ina nguvu, kwamba Amin asingeachwa akajipanga upya. Mimi sibishi. Ninachouliza ni nani alishauriwa katika hatua hiyo ya pili. Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja, na chama kilikuwa juu ya Bunge. Redio ilikuwa moja, ya serikali. Magazeti yalikuwa ya chama na serikali. Hapakuwa na mahali ambapo mbunge au mwandishi angesimama na kuuliza: vita hivi vitatugharimu kiasi gani, vitakwisha lini, na tukishafika Kampala tutakaa mpaka lini?

Majibu yalikuja yenyewe. Askari wetu walibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Gharama za vita hukadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na zilitua juu ya nchi iliyokuwa inabanwa na bei ya mafuta iliyopanda mwaka huo huo wa 1979. Wenye umri wanakumbuka walivyoambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na wanakumbuka kuwa miezi hiyo haikuisha. Wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na khanga. Huku kwetu Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe kwa silaha ulizidi, na silaha zilizozagaa baada ya vita ni moja ya sababu zinazotajwa. Ndipo wanavijiji wa Kahama na Nzega walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakajilinda kwa upinde na mshale.

Kwa hiyo tulikuwa na vita vya haki vilivyoongozwa na kiongozi aliyependwa, na bado bili ililetwa kwa watu ambao hawakuonyeshwa hesabu kabla. Mwaka 1980 Nyerere alisimama tena kugombea, akiwa mgombea pekee. Mpiga kura angeweza kusema ndiyo au hapana, lakini hakuwa na pa kusema: ndiyo kwa ulinzi wa Kagera, lakini nieleze kuhusu Kampala.

KONGO NA SOMALIA: KATIBA IPO, ASKARI WAMESHAVUKA

Mtu atasema hayo yalikuwa mambo ya chama kimoja, siku hizi katiba zimebadilika. Haya, tuwatazame majirani zetu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 124, inasema Rais anaweza kutangaza vita kwa idhini ya theluthi mbili ya wabunge wote. Ikishindikana kuipata idhini hiyo mapema, anatakiwa aitafute ndani ya saa 72. Ni ibara nzuri kuliko nyingi. Mwaka 1996 Rais Museveni alichaguliwa kwa kura. Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia kwa nguvu mashariki ya Kongo. Hayakuingia kwa tangazo la vita. Yaliingia kama operesheni ya usalama wa mpaka, na mjadala bungeni ukafuata nyuma ya vifaru. Sababu iliyotolewa ilikuwa waasi. Lakini baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya dhahabu, almasi, mbao na kahawa zilizokuwa zikitoka huko. Juni 2000, Uganda na Rwanda, zilizoingia Kongo kama marafiki, zilipigana wenyewe kwa wenyewe siku sita ndani ya mji wa Kisangani, wakafa Wakongomani ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote kati yao.

Sisi tunaoishi juu ya dhahabu tunajua jinsi inavyoweza kumfanya mtu asahau alikwenda kutafuta nini. Lakini tuangalie aliyelipa. Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague iliamua kuwa Uganda ilivunja sheria ya kimataifa Kongo. Februari 9, 2022, mahakama hiyo hiyo ikataja kiasi: dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Wapo maofisa waliotajwa katika ripoti kuwa walifaidika na biashara ile. Fidia haikukatwa katika mifuko yao. Ilikatwa katika hazina, yaani kwa mama anayeuza ndizi Masaka na kijana wa bodaboda Mbale, ambaye huenda mwaka 1998 alikuwa hajazaliwa.

Kenya nayo. Agosti 27, 2010, ilizindua katiba mpya iliyosifiwa Afrika nzima. Katiba hiyo inataka Bunge liidhinishe tangazo la vita. Oktoba 2011, baada ya watalii kushambuliwa na kutekwa katika pwani ya Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Serikali ilisema inajilinda kwa mujibu wa ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Hakukuwa na tangazo la vita, na askari walivuka kwanza. Bunge lilipitisha Desemba mwaka huo suala la majeshi hayo kuingia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, wakati tayari yalikuwa ndani kwa wiki kadhaa. Je, mbunge gani angepiga kura ya kuwarudisha vijana walio vitani, aonekane msaliti?

Yaliyofuata tunayajua. Septemba 2013, Westgate, Nairobi, watu 67 waliuawa. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2016, kambi ya El Adde, askari wengi wa Kenya waliuawa na serikali haikutaja idadi. Kuua watu wasio na hatia ni haramu, na lawama ya kwanza ni ya waliofyatua risasi. Lakini kuna walipaji wengine ambao hawahesabiwi. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Muislamu wa Eastleigh aliyekuwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni alikuwa mpiga kura kama wengine. Hakuulizwa kabla ya vita, lakini alikuwa wa kwanza kuulizwa baada ya vita, tena na polisi.

IRAQ NA UTURUKI: KUULIZWA KWA UONGO NA KUULIZWA KWA KWELI

Basi tuseme dawa ni Bunge kuulizwa kabla? Ni sehemu ya dawa, lakini haitoshi. Oktoba 2002 Bush aliliuliza Bunge lake. Baraza la Wawakilishi lilimpa ruhusa kwa kura 296 dhidi ya 133, na Seneti kwa kura 77 dhidi ya 23. Machi 18, 2003, Tony Blair naye aliwauliza wabunge wa Uingereza, akapata 412 dhidi ya 149, mwezi mmoja tu baada ya maandamano makubwa ya Februari 15 kujaza mitaa ya London. Wote waliulizwa. Lakini waliulizwa juu ya silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo. Ripoti ya uchunguzi ya Uingereza iliyotolewa Julai 2016 chini ya John Chilcot ilisema kuwa njia za amani zilikuwa hazijamalizwa, na kwamba taarifa za ujasusi zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili. Mtu akikuuzia ng'ombe kipofu akakwambia anaona, huwezi kusema mliuziana kwa ridhaa.

Na baada ya hapo? Bush alichaguliwa tena Novemba 2004, na chama cha Blair kilishinda tena Mei 2005. Kwa nini wapiga kura hawakuwaadhibu? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo iko pale pale kwa Kant. Marekani iliacha kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973. Askari wake ni wa kujitolea kwa mshahara, na familia nyingi hazikuwa na mtoto Baghdad. Gharama zilibebwa kwa mikopo. Waliolipa kwa damu kwa wingi kabisa walikuwa Wairaki, na Wairaki hawakuwa na kura Ohio. Sharti la Kant likaondoka kimya kimya: aliyepiga kura hakuwa yeye anayelipa.

Tuangalie upande wa pili, kwa sababu insafu inatutaka tuangalie. Marekani ilitaka kupitisha maelfu ya askari wake Uturuki ili iingie Iraq kutoka kaskazini. Iliahidi misaada ya mabilioni ya dola. Serikali ya Uturuki ilipeleka ombi bungeni, na chama tawala kilikuwa na wabunge wengi. Machi 1, 2003, kura zikahesabiwa: 264 ndiyo, 250 hapana, 19 hawakuegemea upande wowote. Ndiyo zilikuwa nyingi, lakini hazikufika nusu ya waliohudhuria, ombi likaanguka. Wabunge kadhaa wa chama tawala waliikataa serikali yao wenyewe, kwa sababu vita vile vilikuwa mlangoni kwao. Wakimbizi wangekuja kwao, biashara ya mpakani ingekufa kwao, na wananchi waliowachagua walikuwa wanawapigia kelele kila siku. Nchi ya Waislamu ilitumia Bunge kufunga mlango ambao wenzake walitumia Bunge kuufungua.

Na Uingereza yenyewe ilijifunza kitu. Agosti 29, 2013, serikali ya David Cameron iliomba ridhaa ya kuishambulia Syria, Bunge likakataa kwa kura 285 dhidi ya 272. Wabunge waliokumbuka walivyodanganywa miaka kumi nyuma walitaka waonyeshwe ushahidi kwanza.

SHURA ILIKUWA NA MAANA GANI

Kwa Muislamu jambo hili si geni. Kabla ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwataka ushauri watu wake. Muhajirina wakasema wako tayari. Akaendelea kuuliza. Saad bin Muadh (r.a.) akatambua kuwa wanaoulizwa ni Ansari. Kwa nini wao? Kwa sababu ahadi yao ya Aqaba ilikuwa kumlinda Mtume ndani ya mji wao, na sasa vita vilikuwa nje ya Madina. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuchukulia tu kwamba watakwenda. Aliwauliza wale ambao mkataba wao haukuwafunga, na ambao ndio wangekuwa wengi katika jeshi. Saad akajibu kwa niaba yao kwamba watakuwa pamoja naye.

Mwaka uliofuata, kabla ya Uhud, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kubaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka. Akatoka. Waislamu 70 wakafa shahidi, akiwemo ami yake Hamza (r.a.). Mtu angetegemea kuwa baada ya hapo shura itafutwa, kwa kuwa ilileta hasara. Lakini aya ya 159 ya Sura Aal Imran, iliyoteremka baada ya Uhud, ilimwamuru awasamehe na aendelee kushauriana nao. Hapa kuna funzo kubwa. Kushauriana hakukuwekwa kwa sababu walio wengi hawakosei. Kumewekwa kwa sababu anayetoa damu yake ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuitoa. Na pia ili aliyeshauriwa asije akasema kesho kwamba alipelekwa bila kujua.

Sisemi kuwa shura na demokrasia ya magharibi ni kitu kimoja. Nasema kuwa katika swali hili la vita, zote mbili zinapimwa kwa kipimo kimoja: je, mwenye kulipa ameulizwa kwa kweli, na ameulizwa kabla?

NA SISI JE?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 44, inampa Rais uwezo wa kutangaza kuwapo kwa hali ya vita. Akishatangaza, nakala inakwenda kwa Spika, naye anaitisha Bunge ndani ya siku 14 tangu tangazo hilo, ili lipitishe au lisipitishe azimio la kuliunga mkono. Isomeni vizuri ibara hii. Kwetu Rais hatakiwi kupata idhini kabla. Bunge linaitwa baada ya tangazo, na katika siku 14 jeshi linaweza kufika mbali. Kwa nchi iliyovamiwa kama mwaka 1978 hilo linaeleweka, maana huwezi kusubiri akidi itimie wakati nyumba inaungua. Kwa nchi inayotaka kuvuka mpaka, haieleweki.

Tena, vita vya siku hizi havitangazwi. Machi 25, 2008, askari wetu pamoja na wa Sudan na wa serikali ya Comoro walitua kisiwani Anjouan, kwa baraka za Umoja wa Afrika, wakamng'oa Kanali Mohamed Bacar. Operesheni hiyo ilipewa jina la Demokrasia Comoro. Ilikwisha haraka, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopewa ruhusa ya kushambulia waasi. Desemba 7, 2017, zaidi ya kumi kati yao waliuawa katika kambi ya Semuliki kwa usiku mmoja. Huenda safari zote mbili zilikuwa sahihi. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa na tangazo la vita, na ibara ya 44 inazungumzia tangazo la vita tu. Mzazi wa askari aliyerudi katika jeneza anazikwa na swali lake.

Upande wa pili tuna mfano wa heri. Mwaka 2012 tulikwaruzana na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa, mpaka unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890. Malawi ilikuwa imetoa vibali vya kutafuta mafuta ziwani. Maneno makali yakasemwa, hata na viongozi wa kamati yetu ya Bunge, kwamba jeshi liko tayari. Lakini nchi zote mbili zilikuwa na magazeti huru, wabunge wa upinzani, na wavuvi wa pande zote wanaooana na kuuziana dagaa. Watu waliuliza kwa sauti: tupigane kwa ajili ya nini? Suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Mgogoro haukumalizwa na usuluhishi ule, lakini hakuna mama wa Kyela wala wa Karonga aliyemzika mwanawe kwa ajili yake. Sidai kuwa demokrasia pekee ndiyo iliyofanya hivyo. Nasema kelele za watu zilisaidia, na mwaka 1978 kelele hizo hazikuwa na pa kupitia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jibu langu kwa wanaosema demokrasia huleta amani ni hili: huleta, kwa kiasi kile tu ambacho anayelipa anaulizwa. Ikibaki kuwa ni kura ya kila miaka mitano, na maamuzi ya vita yakafanyika katika chumba ambacho hana mwakilishi, basi tofauti yake na utawala wa amri ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Unapozungumzwa mchakato wa katiba mpya, sisi Waislamu tumekuwa na mambo yetu ya kudai, na ni haki yetu. Naomba tuongeze na hili, kwa sababu ni la kila Mtanzania. Kwanza, askari wetu wasivuke mpaka kwenda kupigana, kwa jina lolote litakaloitwa, kabla Bunge halijapiga kura, isipokuwa tukiwa tumevamiwa. Pili, ushahidi unaotolewa kama sababu ya vita ukaguliwe na kamati yenye wabunge wa vyama vyote, siyo kuaminiwa kwa sababu umesomwa kwa sauti nzito. Tatu, kila safari iwe na muda na bajeti inayojulikana, na ikiisha, atokee mtu wa kujibu mbele ya Bunge: wangapi walikwenda, wangapi walirudi, na tumepata nini.

Haya si maswali ya waoga. Yule kijana anayekagua matimba kabla ya kushuka duarani ndiye huyo huyo atakayeshuka. Anachodai ni kwamba aliyeshika kamba juu amjibu kwanza.

Wabillahi tawfiq.